Mlali Tu, Mjini Usijisumbue

Makole, Dodoma

Kwa kikao cha ukoo, nyumbani Kilolo. Isomwe kwa sauti na Shangazi Sikujua, watu wote wakiwa wameketi.

Bibi yetu, mzizi wa kila aliyemo humo ndani, shikamoo, na kwa lugha yako mwenyewe, kamwene. Baba Mkubwa, mwenyekiti wa kikao na kaka wa marehemu baba yangu, shikamoo. Mama, ambaye bila shaka umekaa karibu na mlango ili usikie mambo na wakati huohuo uangalie sufuria, shikamoo. Shangazi, unayeisoma barua hii, shikamoo, na unisamehe mwandiko. Wajomba mliovuka mto kuja kutusikiliza, shikamooni. Kaka zangu, na wadogo zangu mliobanana kwenye mkeka, habari za siku nyingi.

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Bibi, magoti yameitikiaje baridi ya mwaka huu? Huku ninapokaa baridi ni ya asubuhi tu, ikifika saa nne jua linashuka kama limetumwa, na upepo unabeba vumbi hadi ndani ya kikombe. Nimekumbuka ukungu wetu kuliko nilivyotarajia. Mama, kifua kimeniacha kabisa. Kukohoa kumebaki kwa vumbi peke yake.

Wazee wangu, mnajua kwamba katika vikao vyetu mimi ndiye mwandishi, na kwamba kwa miaka minne mihtasari yote ya ukoo huu imetoka mkononi mwangu. Mtanivumilia basi nikianza na yatokanayo. Kikao kilichopita kiliniruhusu, baada ya kumaliza chuo, nipumzishe vitabu mwaka mmoja kabla ya kuomba kazi, nitembee, niione nchi ambayo nitakuja kuifundisha darasani. Tuliugawa mwaka huo kama tunavyogawa shamba, ngwe tatu: Dodoma, kisha Tabora, kisha Kigoma. Ngwe ya kwanza imekwisha. Sanduku langu limefungwa, liko miguuni pangu ninapoandika.

Nilikusudia kuwaandikia barua ya furaha. Nilikuwa na mengi: mizabibu iliyopangwa kwa mistari kama watoto wa paredi, vilima vya mawe ambavyo huwezi kuamini havikujengwa na mtu, na mlenda, ambao wiki ya kwanza niliuogopa na wiki ya tatu niliuomba. Yote hayo ni kweli. Ila kuna jambo limekaa juu yake, nami siwezi kuyatoa ya chini bila kuliinua la juu.

Nianze na tabia ya mji huu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Dodoma ni mji wa ofisi. Mgeni akishuka kwenye basi na bahasha mkononi, haulizwi anakwenda wapi, anaulizwa, "Unafuatilia nini?" Maana kila anayekuja huja kufuatilia: uhamisho, mafao, jina lililokosewa. Mimi nilijibu, "Sifuatilii kitu, natembea." Hakuna aliyeniamini. Mama Rukia, mwenye nyumba niliyopanga chumba hapa Makole, mwanamke wa mjini ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara wakaishia hapa, aliniangalia toka kichwani hadi viatuni.

"Unatembea," alisema. "Msichana mzima, na shahada, unatembea tu."

"Ndiyo, mama."

"Umemkimbia mume?"

"Sina mume."

"Basi unamfuatilia." Akacheka peke yake, akanipa ufunguo. Siku ya pili mjumbe wa mtaa alikuja kuniandika daftarini, na mahali pa "sababu ya kuja" alikaa akinitazama muda mrefu, kisha akaandika neno ambalo hakunionyesha. Wiki nzima nilikasirishwa na watu hawa wanaomshuku kila mtu. Baadaye nikagundua kwamba walinisoma sawasawa. Nilikuwa ninafuatilia, na aliyenituma yumo humo ndani mnamosomewa.

Wazee wangu, siku niliyoondoka Baba Mkubwa alinisindikiza hadi kituoni. Kabla basi halijafika aliniongezea kazi ambayo haikujadiliwa kikaoni wala haimo katika muhtasari. Bwana Yona, bwana mifugo wa kata yetu, alikuwa amekwisha kuleta barua ya posa kwa ajili ya dada yangu Twilumba, na kwao ni Mlali, wilaya ya Kongwa. Baba Mkubwa alisema, "Kwa kuwa unakwenda upande huo, wachungulie watu wake. Utazame wanavyoishi." Hilo ni jambo la kawaida. Hakuna binti anayetoka kwenye ukoo wenye akili bila huko aendako kuchunguliwa. Lakini aliongeza: "Mlali tu, mjini usijisumbue." Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ananionea huruma kwa nauli.

Mlali nilikaa wiki mbili. Napenda iandikwe kwamba nilipokelewa vizuri mno. Walikuwa wakipukuchua karanga, na nilipowaambia natoka Iringa, ua zima lililipuka. Mnajua sisi Wahehe na Wagogo ni watani, ila kujua na kuketi katikati yao ni vitu viwili.

"Mhehe! Ficheni mbwa!" Huyo alikuwa Mama Lea, shangazi yake Yona, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mkutano wa hadhara. "Yule mwekundu mfungeni ndani, huyu ana njaa ya safari!"

Nikamjibu, "Msijisumbue. Mbwa wenu wamekondeana hivi, mtani wangu, hata mchuzi hawatoi."

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Walinifundisha kusalimia "mbukwenyi", wakanipa kigoda na ungo wangu. Siku ya tano au ya sita, tukiwa kwenye karanga hizohizo, Mama Lea alisema bila kuinua macho: "Mhehe, dada yako anakuja kuwa mke mdogo, umemwambia? Mke mkubwa yuko Dodoma mjini, Nkuhungu, ana watoto wawili. Mwambie aje na mbwa mnono, amsalimie mkubwa wake."

Nilicheka kabla ya wote. Ndivyo tulivyolelewa: mtani hakasirikiwi, na wala hahojiwi, maana ukimhoji umekiri kwamba amekuchoma. Nikarudisha mpira: "Huyo mkubwa anaitwa nani, nimpelekee zawadi?"

Hapo kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja aliinuka kwenda kutazama maji ambayo hayakuwa jikoni. Wengine wakaingia kwenye Kigogo. Mama Lea akanimwagia karanga nyingine kwenye ungo na kusema, "Pukuchua, Mhehe, unalipwa kwa ugali."

Sasa naungama kosa langu, nalo nalitaka kwenye muhtasari. Nililisikia lile katiko la kicheko, wazee wangu. Nililisikia na nikaliweka pembeni. Nilijiambia kwamba utani ni utani, na kwamba Mhehe anayechukua neno la Mgogo na kulifanya ushahidi atachekwa hadi kaburini. Jioni ya kesho yake nikatuma ujumbe kwa Baba Mkubwa: "Watu wema, nyumba njema, hakuna shaka." Najua ujumbe huo utasomwa leo. Pengine umekwisha kusomwa. Najua pia kwamba kikao hiki kimeitishwa ili kuikubali posa, na kwamba maneno yangu hayo machache ndiyo nguzo inayoegemewa.

Aliyenizindua ni Mama Rukia. Niliporudi Makole nilimsimulia habari za Mlali ili tucheke pamoja, na nilipofika kwa mke mkubwa na mbwa mnono nilijisikia nacheka peke yangu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Ninyi watani mnacheka," alisema. "Mimi si mtani wa mtu. Nauliza tu: huyo mke yuko, au hayuko?"

"Mama, ni utani."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza yuko?"

Nikaanza kuokota mawe kwenye mchele wake.

"Nkuhungu si ng'ambo ya bahari," akasema. "Vaa viatu."

Sikuvaa siku ile. Nilijizungusha siku tatu, nikijiambia kwamba Baba Mkubwa alisema mjini nisijisumbue. Na kadiri nilivyolirudia neno hilo ndivyo lilivyobadilika sura. Mtu asemaye "usijisumbue" juu ya mahali fulani, je, anajua nini juu ya mahali hapo? Kwa nini Mlali tu? Nilianza kulisikia kama mlango uliofungwa taratibu na mtu asiyetaka bawaba zilie.

Siku ya nne nilikwenda Nkuhungu, na kuipata nyumba hakukuwa kazi. Nilimwuliza fundi mmoja wa baiskeli nyumba ya Yona bwana mifugo wa Mlali, akanielekeza bila kufikiri: "Kwa Mama Eliza, anayeshona sare za shule." Nilimkuta mwanamke wa umri wa Twilumba, pengine amemzidi kidogo, ameinamia cherehani. Nilipojitambulisha kwamba mimi ni mdogo wake Twilumba wa Kilolo, aliuacha mguu wake kwenye pedali, sindano ikasimama.

"Karibu," alisema. "Nilijua mtakuja tena."

"Tena, dada?"

"Si alikuja mzee wenu? Alikaa hapohapo ulipokaa."

Nikauliza mzee yupi. Akasema hakumbuki jina vizuri, ila ni mtu mrefu, mpole, aliyeweka kofia yake gotini muda wote, na kila swali alilianza hivi, akaigiza: "Kwa mantiki hiyo, mama, wewe ni mke au si mke?"

Shangazi, hapo pumzika kidogo. Najua watu wanatazamana. Katika ukoo wote huu, na nadhani katika wilaya nzima, ni mtu mmoja tu anayesema "kwa mantiki hiyo" hata anapoomba chumvi.

Nikamwomba Mama Eliza anieleze alichomweleza mzee huyo. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, maana usiku uleule niliyanakili. Mumewe alikuwa kaka mkubwa wa Yona. Alifariki. Siku ya kuanua matanga wazee wa Mlali walimkalisha, wakamtaja Yona kuwa ndiye atakayesimama mahali pa marehemu. Yona alikuwepo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliinamisha kichwa, na wazee wakachukua kuinama kuwa jibu.

"Nilipewa," aliniambia. "Hakunichukua, na hakuniacha. Akija hulala chumba cha mbele. Sare za watoto, ada, unga, vyote analeta. Watoto wanamwita baba, na ni haki yao, baba mdogo ni baba. Lakini mimi nikitaka kuolewa na mwingine, Mlali wanasema una mume. Nikimwuliza yeye, anasema tutaongea. Mimi si mke, dada yangu, na ujane wenyewe wameshaninyang'anya."

"Na ukimwambia asimame mbele ya wazee aseme?"

"Anawaogopa. Ni mtu mwema. Ila mtu mwema mwoga anakuchosha kuliko mkorofi."

Nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri: "Mzee wetu alikujibu nini ulipomweleza haya?"

"Alisema, 'Mwanangu, nitayafikisha.' Akamaliza chai yake. Alikuwa ameweka sukari vijiko vinne."

Nawasikia mnauliza, na mna haki: huyo mwanamke umemwaminije? Pengine anamtaka Yona abaki, na njia rahisi ni kumharibia posa. Hilo nililifikiri hata kabla sijatoka nje ya geti. Ndiyo maana nilirudi mara mbili zaidi, kwa siku ambazo hakunitegemea, nikauliza maswali yaleyale kwa kuyageuza. Majibu hayakusogea. Nilimwuliza waziwazi kama anamtaka Yona. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anataka mvua ya mwaka jana. "Nataka wanifungulie," alisema. Kisha nikampigia simu Mama Lea, nikaacha utani kando, nikamsalimia kwa heshima na kumwuliza kama mtu anavyomwuliza mama. Nilimsikia akitoka nje na kuvuta mlango. Halafu akasema, "Mwanangu, nilikuambia kwa njia niliyokuwa nayo. Mbele ya wifi zangu nisingeweza kwa nyingine."

Kwa hiyo alikuwa ameniambia. Alilitumia tundu pekee ambalo mila imemwachia, akalipitisha neno humo, nami niliyesoma hadi chuo kikuu nikacheka.

Sasa nakuelekea wewe, Baba Mkubwa, na nakuomba ubaki umeketi. Sikukutafuta kwa simu. Simu inampa mtu nafasi ya kupanga, na mimi, Mungu anisamehe, nimefika mahali ambapo sikutaka kukupa nafasi hiyo. Hilo linaniuma, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenilipia mtihani wa kidato cha sita na kunibeba mgongoni siku ya mazishi ya baba. Lakini ulifika Nkuhungu. Ulikaa, ukauliza, ukajibiwa. Uliahidi utayafikisha, na katika mihtasari yote niliyoiandika kwa mkono wangu hayamo. Kisha ulinituma mimi Mlali, Mlali tu, ili nirudi na neno zuri kutoka mahali ambapo ulijua neno zuri litapatikana.

Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia kwamba Twilumba ana miaka thelathini na minne, kwamba posa mbili zimekwisha kurudi, kwamba ulimwona Yona ni mpole na ukaona mpole akishaoa atajinyoosha mwenyewe. Nimejiambia kwamba ulinyamaza kwa kumpenda. Inawezekana. Lakini naushuku upendo unaomficha mtu habari ya maisha yake mwenyewe, na tangu nifike huku nimejifunza kumwuliza kila mtu, hata nimpendaye, unafuatilia nini. Sijui ulikuwa unafuatilia nini, Baba Mkubwa. Utatuambia wewe.

Na Yona naye simhukumu. Sijamsikia. Huenda alimweleza Twilumba kila kitu chini ya ukimya tusioujua, ingawa mashaka yangu ni makubwa, kwa kuwa dada yangu hajui kuficha hata homa. Nasema tu kwamba mwanamume aliyeinamisha kichwa mbele ya wazee wake akafungwa, anakuja kuinamisha kichwa mbele ya wazee wetu afungwe mara ya pili, na katika kamba zote mbili wanaokabwa ni wanawake.

Kabla sijatoa hoja yangu, nifikishieni salamu. Mmsalimie babu mdogo, mzee wetu wa kanisa, na kumwambia namkumbuka katika sala ingawa huku nimechelewa ibada mara mbili. Mmsalimie mke wa kaka, aliyejifungua nisipokuwepo, mtoto nimesikia amefanana na sisi, poleni. Mmsalimie mwalimu mkuu mstaafu, jirani yetu, aliyenifundisha kwamba muhtasari usioandika kilichofichwa ni tangazo tu. Na mama, wewe nakusalimia mara ya pili.

Hoja yangu ni hii, na sehemu yake ya kwanza si ombi. Natengua ujumbe wangu. Yale maneno "hakuna shaka" yasitajwe tena kama ushahidi, shaka ipo na imetiwa sahihi yangu. Barua ya kuikubali posa, ambayo kwa desturi yetu huandikwa na katibu, sitaiandika. Mkiandika kwa mkono mwingine mtakuwa mmeandika mkijua.

Bibi, nakuomba ukikalie wewe kiti kwa mjadala huu, ili Baba Mkubwa awe huru kujibu kama mtu anayejibu, si kama mtu anayeongoza. Yona aitwe, aje na mzee mmoja wa Mlali, na Mama Eliza apelekewe nauli na heshima ili naye aje, aseme mbele ya pande zote mbili kama anafunguliwa au la. Hadi hapo posa haikubaliwi na hairudishwi.

Mimi nitabaki hapa Makole hadi Jumapili. Tiketi ya treni ya Tabora sijaikata. Jibu litakalonikuta likiwa ni la Twilumba mwenyewe, kwa sauti yake, lolote alilochagua, ndiyo au hapana, nitapanda treni na kuiheshimu akili yake. Likiwa ni jibu la watu wengine kwa niaba yake, nitapanda basi la Iringa na mtaniona mlangoni.

Maana jambo moja nimelijua bila kuambiwa na mtu: wakati barua hii inasomwa, dada yangu hayumo humo ndani. Yuko jikoni nyuma ya nyumba, anapika chakula cha kikao kinachomjadili. Shangazi, usiikunje karatasi hii. Mwambieni aweke mwiko chini, aingie, apewe kiti. Kisha uanze tena tangu juu, pale nilipomwamkia Bibi, usiruke hata mstari.

Ni mimi mtoto wenu na katibu wenu,
Semeni